Vyumba Viwili, Mwili Mmoja

Mwaka 2013 uliwaletea wanawake wa Afrika habari mbili njema. Ya kwanza ilikuwa ya bei. Vijiti vya uzazi wa mpango vya Jadelle, ambavyo serikali na mashirika ya misaada yalikuwa yakivinunua kwa takriban dola 18 za Marekani, vilishushwa hadi dola 8.50. Njia iliyokuwa ya wachache ikaanza kufika kwenye zahanati. Habari ya pili ilitoka Shirika la Afya Duniani (WHO) mwezi Juni mwaka huohuo: mwongozo mpya wa tiba ya VVU uliotanguliza kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake, kinachomezwa mara moja kwa siku. Moja ya dawa hizo tatu ni efavirenz.

Kila habari ilistahili vigelegele, na vilipigwa. Mwanamke aliyekuwa akihangaika na vidonge rundo asubuhi na jioni sasa angemeza kimoja. Mwanamke aliyekuwa akiomba ruhusa kazini kila miezi mitatu kwenda kuchoma sindano sasa angekaa miaka mitano bila wasiwasi. Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kusikika ni nini kingetokea habari hizi mbili zikikutana katika mwili wa mtu mmoja.

Jibu lilikuja polepole, na waliolilipia ni wanawake.

Jadelle ni vijiti viwili vyembamba, laini, vinavyopindika. Muuguzi anachoma ganzi upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, anatoboa tundu dogo, anavisukuma kimoja kimoja chini ya ngozi, kisha anafunga bandeji. Hakuna mshono. Kidonda kikipona, mwanamke akipapasa anavihisi viko palepale. Kila kijiti kimebeba miligramu 75 za homoni iitwayo levonorgestrel, ambayo huvuja kidogo kidogo kuingia kwenye damu. Mwanzoni inatoka kwa wingi, halafu inapungua kadiri miezi inavyokwenda, lakini hata ile inayotoka mwaka wa nne na wa tano inatosha kuzuia mimba. Inatosha, mradi ini linafanya kazi kwa kasi yake ya kawaida.

Efavirenz huliongezea ini kasi. Hulichochea litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunjavunja dawa, na levonorgestrel ni miongoni mwa dawa zinazovunjwa. Wanawake waliomeza kidonge kile walikijua kwa mambo mengine. Walikimeza usiku wakati wa kulala, kwa sababu ukikimeza mchana unazunguka kichwa kazini, na usiku wenyewe kinakuja na ndoto nzito ambazo asubuhi mtu anashindwa kuzisimulia. Hayo waliambiwa na walijadiliana wao kwa wao kwenye mabenchi ya kusubiria. Kuhusu vijiti vilivyomo mkononi, wengi hawakuambiwa kitu.

Hawakuambiwa kwa sababu moja rahisi, nayo ni jengo. Katika hospitali zetu nyingi za Tanzania dawa za VVU hutolewa kliniki ya tiba na matunzo (CTC) na uzazi wa mpango hutolewa kliniki ya mama na mtoto. Kenya ilikuwa hivyohivyo, majina tu ndiyo yalikuwa tofauti: CCC upande mmoja, MCH upande mwingine. Vyumba viwili, kadi mbili, rejista mbili, mara nyingi wafadhili wawili, na taarifa za mwisho wa mwezi zinazopelekwa ofisi mbili tofauti. Mwanamke ndiye anayetembea kutoka chumba hiki hadi kile, na mara nyingi anapofika cha pili anaiacha kadi ya kwanza ndani ya mkoba. Ana sababu zake. Muuguzi wa uzazi wa mpango anaweza kuwa jirani yake, au shemeji wa jirani yake. Anaulizwa kama ana shinikizo la damu, kama ana mimba, amezaa mara ngapi. Hasemi anameza nini usiku, na hakuna aliyemweleza kwamba jambo hilo linahusiana na mkono wake.

Mojawapo ya ripoti za mwanzo zilizonishtua ilitoka Swaziland, nchi ambayo leo inaitwa Eswatini. Wahudumu wa huko walipitia kumbukumbu za wanawake wenye VVU waliowekewa Jadelle. Kati ya wanawake 121 waliokuwa wakimeza efavirenz, 15 walishika mimba. Hiyo ni zaidi ya asilimia 12. Kwa wale waliokuwa wakimeza nevirapine, dawa nyingine ya kundi hilohilo, hapakuwa na mimba hata moja. Ripoti ilichapishwa mwaka 2014. Kumbuka kwamba vijiti ni njia ambayo mtu huambiwa kuwa katika wanawake 1,000 wanaoitumia kwa mwaka, pengine mmoja tu ndiye atakayeshika mimba.

Kampala walikwenda ndani zaidi. Katika Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza iliyopo Mulago, watafiti waliwafuatilia kwa wiki 48 wanawake 20 wenye vijiti waliokuwa wakitumia efavirenz, wakawalinganisha na wanawake wenye VVU ambao bado hawakuwa wameanza dawa. Walikuwa wakiwatoa damu na kupima kiasi cha homoni. Kwa waliotumia efavirenz, levonorgestrel ilishuka hadi karibu nusu ya ile ya wenzao. Na kati ya wiki ya 36 na ya 48, wanawake 3 kati ya wale 20 walishika mimba. Tazama muda huo: ni pale ambapo kijiti chenyewe kinakuwa kimepunguza kutoa homoni, na ini bado liko mbioni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Sasa piga hesabu. Vijiti vya levonorgestrel viliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983, nchini Finland, vikiitwa Norplant. Efavirenz iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Tabia ya efavirenz kulichochea ini wanafamasia waliifahamu mapema. Kutoka 1998 hadi 2016 ni miaka 18, na jaribio lililohitajika lilikuwa la wanawake wachache, sindano za kutolea damu na maabara nzuri. Halikuhitaji maelfu ya watu wala mamilioni ya dola. Lilihitaji mtu mwenye mamlaka aone kwamba mwanamke anayeishi na VVU ni mtu anayepanga uzazi kama mwanamke mwingine yeyote.

Hapo ndipo ninaposimama katika makala hii. Takwimu tunazopewa juu ya ufanisi wa njia za uzazi wa mpango ni za kweli, lakini ni za kweli kwa wanawake waliopimwa. Aliyeachwa nje ya jaribio hupewa takwimu ya mwenzake, na ikimgeuka analaumiwa yeye.

Namna ya kuhesabu tuliyoirithi ina umri wa karibu miaka 90. Mwanabaiolojia wa Marekani, Raymond Pearl, aliipendekeza katika miaka ya 1930: hesabu mimba zilizopatikana, zigawe kwa jumla ya muda ambao wanawake wote wametumia njia hiyo, upate mimba ngapi kwa wanawake 100 kwa mwaka. Baadaye wataalamu wakatenganisha hesabu mbili, moja ya mtu anayetumia njia bila kukosea kabisa, nyingine ya mtu wa kawaida mwenye watoto, kazi, safari na usahaulifu. Tofauti ni kubwa. Kwa makadirio ya Marekani, vidonge vikimezwa bila kukosa, wanawake 3 kati ya 1,000 watashika mimba kwa mwaka. Katika maisha ya kawaida ni 7 kati ya 100. Sindano ni 2 kati ya 1,000 kwa asiyechelewa, na 4 kati ya 100 kwa maisha yalivyo. Kwa vijiti hakuna tofauti, kwa sababu hakuna cha kusahau. Ukishawekewa, umemaliza.

Lakini hesabu hizo zote mbili hazimjui mwanamke anayemeza dawa nyingine. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilielekeza kwamba wanawake wenye uwezo wa kushika mimba wasiingizwe kwa kawaida katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Nia ilikuwa kuwalinda watoto walio tumboni, baada ya msiba wa dawa ya thalidomide. Agizo hilo liliondolewa mwaka 1993. Mazoea yake hayakuondoka siku hiyo. Majaribio ya njia za uzazi wa mpango yameendelea kupendelea wanawake wenye afya nzuri wasiotumia dawa nyingine, na majaribio ya dawa za magonjwa yameendelea kuwataka washiriki wa kike watumie uzazi wa mpango na kuwatoa wanaposhika mimba. Kila upande unamwomba mwanamke awe rahisi kupimika. Mwanamke wa Kisumu, wa Mbeya au wa Masaka si rahisi namna hiyo.

Na kuna jambo ambalo maabara peke yake haikuweza kuliona, ingawa waliosoma matokeo ya Kampala kwa haraka walidhani yamemaliza mjadala. Magharibi mwa Kenya, watafiti walifungua kumbukumbu za wanawake 24,560 wenye VVU waliokuwa wakihudumiwa katika vituo vya huko, wakahesabu mimba kulingana na dawa na njia ya uzazi wa mpango. Ripoti ilitoka mwaka 2015. Kweli, vijiti vilidhoofika: waliotumia nevirapine walikuwa na mimba 1.1 kwa wanawake 100 kwa mwaka, waliotumia efavirenz 3.3. Mara tatu. Mtu akisimama hapo atasema vijiti vipigwe marufuku kwa wanaotumia efavirenz.

Endelea kusoma. Waliokuwa kwenye sindano ya miezi mitatu pamoja na efavirenz walikuwa na mimba 5.4. Hata waliokuwa na sindano na nevirapine walikuwa na 4.5. Maana yake, vijiti vilivyodhoofishwa bado vilimkinga mwanamke kuliko sindano isiyoguswa na efavirenz. Na sababu haiko kwenye ini hata kidogo. Sindano inamtaka mwanamke arudi. Mvua ikinyesha, nauli ikikosekana, mtoto akiugua au stoo ya zahanati ikiwa tupu, tarehe inapita. Kijiti kinakaa mkononi hata barabara ikikatika.

Kwa hiyo ushauri wa kumtoa mwanamke kwenye vijiti na kumpeleka kwenye sindano, ambao ulitolewa kwa nia njema katika vituo vingi, ungeweza kumwongezea nafasi ya kushika mimba asiyoitaka. Ndiyo maana naamini mwanamke hakupaswa kuamuliwa. Alipaswa kuwekewa hesabu mezani: vijiti vyako vinapunguzwa nguvu na dawa yako, bado ni bora kuliko sindano kwa wengi, ukiongeza kondomu unajikinga zaidi, kitanzi cha shaba hakina homoni na hakiguswi na dawa hii, na ukitaka kubadili dawa ya VVU, tuzungumze na wenzetu wa CTC. Mazungumzo hayo huchukua dakika chache. Kinachoyazuia ni ukuta kati ya vyumba viwili, na imani ya baadhi yetu wenye elimu kwamba mwanamke wa kijijini hawezi kubeba neno "pengine".

Anaweza. Anayepima mvua na kuamua apande lini anaishi na "pengine" kila msimu.

Watafiti walijaribu pia kuongeza vijiti. Uganda wanawake waliokuwa kwenye efavirenz waliwekewa dozi mara mbili, vijiti vinne badala ya viwili, na bado homoni haikufikia kiwango cha mtu asiyetumia dawa hiyo. Ini lilikula na nyongeza. Kwa kidonge cha dharura, ambacho vijana wetu wanakiita P2 na ambacho nacho ni levonorgestrel ileile, kuongeza dozi mara mbili kulisaidia kurudisha kiwango kwenye damu ya wanaotumia efavirenz. Hili dada anayesimama dirishani kwa mwenye duka la dawa usiku wa Jumamosi anahitaji kulijua kuliko mtu yeyote, na yule muuzaji ndiye mtaalamu pekee atakayekutana naye kabla muda haujapita. Sijui ni maduka mangapi yanayomuuliza anatumia dawa gani. Nadhani msomaji ana jibu lake.

Nisionekane nawalaumu watafiti wote. Tumewahi kupata jibu zito kwa swali zito, na wanawake wetu walikuwa sehemu yake. Tangu miaka ya 1990, watafiti waliokuwa wakiwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono Mombasa waliona kwamba wanaotumia sindano ya miezi mitatu, Depo, wanapata VVU zaidi ya wengine. Mwaka 2011 utafiti wa jozi 3,790 za wapenzi ambazo mmoja ana VVU na mwingine hana, kutoka nchi saba zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, ulidokeza kwamba homoni za uzazi wa mpango, hasa sindano, huenda zinaongeza hatari ya maambukizi maradufu. Hofu ilitanda, na ilikuwa hofu halali. Sindano ndiyo iliyokuwa njia kubwa ya nchi zetu. Lakini hakuna aliyeweza kusema kama tatizo ni sindano yenyewe au ni tofauti ya maisha ya waliochagua sindano na waliochagua kitu kingine.

Njia pekee ya kutenganisha hayo ilikuwa kupiga kura. Mwishoni mwa 2015 ukaanza utafiti uliopewa jina la ECHO, katika vituo 12 vya Afrika Kusini, Zambia, Eswatini na Kenya, cha Kenya kikiwa Kisumu. Wanawake 7,829 waliotaka kupanga uzazi walikubali kupangiwa kwa kura mojawapo ya njia tatu: sindano ya Depo, kitanzi cha shaba au vijiti vya levonorgestrel. Fikiria uzito wa kukubali huko. Mwanamke anaingia chumbani akiwa na njia anayoipenda moyoni, anafunguliwa bahasha, anapokea nyingine, kwa sababu ameelezwa kwamba jibu litawasaidia wadogo zake na binti zake.

Jibu lilitangazwa Juni 2019. Walioambukizwa VVU walikuwa 397: 143 kwenye sindano, 138 kwenye kitanzi, 116 kwenye vijiti. Hapakuwa na tofauti kubwa ya kiasi ambacho utafiti ulipangwa kukigundua, yaani ongezeko la asilimia 50. Miezi miwili baadaye WHO ikasema wanawake walio katika hatari kubwa ya VVU wanaweza kutumia njia zote hizo bila kizuizi. Sindano ikabaki. Mamilioni ya wanawake wakabaki nayo wakiwa na sababu, si mazoea tu.

Hata hivyo, kuna takwimu mbili za ECHO ambazo hazikupigiwa tarumbeta na ambazo mimi huzirudia kila ninapopata nafasi. Ya kwanza ni kwamba kwa jumla karibu wanawake 4 kati ya kila 100 waliambukizwa VVU kwa mwaka, njia yoyote waliyokuwa nayo. Hawa walikuwa wakija kituoni, wakipimwa, wakishauriwa, wakipewa kondomu. Kama hao waliambukizwa kwa kasi hiyo, basi chumba cha uzazi wa mpango ndicho mahali pa kwanza pa kugawia dawa za kujikinga na VVU. Ukuta ule tena.

Ya pili ni mimba. Zilipatikana 255, na asilimia 71 ya hizo zilitokea baada ya mwanamke kuacha njia aliyopewa. Tunapotaja ufanisi tunafikiria homoni na shaba. Sehemu kubwa ya mimba zisizotarajiwa inatoka kwa mwanamke aliyeondoka: damu ilikuwa haikatiki, kichwa kilimuuma, mume alinung'unika, au hakumwambia mtu na akanyamaza tu. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Wanawake 731 waligawanywa kwa kura. Nusu walifundishwa kujichoma wenyewe sindano ndogo inayoingia chini ya ngozi, nusu walichomwa na mhudumu. Baada ya mwaka, waliokuwa bado wanaendelea ni asilimia 73 ya waliojichoma na asilimia 45 ya waliochomwa. Dawa ni moja, dozi ni moja. Kilichobadilika ni nani ameshika sindano. Kwangu mimi huo ni utafiti wa ufanisi kama ulivyo wa kupima damu, na ningependa kuona mingi ya namna hiyo ikiongozwa na vyuo vyetu, ikiuliza kwa nini mwanamke anaacha na anahitaji nini ili asiache.

Nirudi kwenye efavirenz, maana hadithi yake ilichukua mkondo unaouma. Ilipofika 2018 dawa bora zaidi, dolutegravir, ilikuwa tayari. Haisumbui usingizi kama efavirenz, inashusha virusi haraka, na haina tabia ya kula homoni ya vijiti. Mei mwaka huo ikatoka taarifa ya tahadhari Botswana: kati ya wanawake 426 waliokuwa wakiitumia wakati mimba inatungwa, watoto 4 walizaliwa na kasoro za ubongo au uti wa mgongo, karibu asilimia 1, ilhali kwa kawaida ni kama asilimia 0.1. Wanawake 426 ni wachache kwa hesabu ya namna hiyo, lakini serikali kadhaa zikachukua njia ya mkato: wanawake wa umri wa kuzaa wabaki kwenye efavirenz. Yaani kwa kuhofia mimba, mwanamke akabakizwa kwenye dawa ileile inayoidhoofisha kinga yake ya mimba.

Julai 2018 wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali na kusema hapana. Walidai waelezwe hatari na faida, kisha waachwe wachague, kwa kuwa hata asiyetaka mtoto kabisa alikuwa ananyimwa dawa bora kwa sababu ya mfuko wake wa uzazi tu. Walikuwa sahihi, na hesabu zikawafuata. Botswana walipoendelea kukusanya takwimu, kasoro zilishuka hadi asilimia 0.3 mwaka 2019, na baadaye tofauti ikatoweka. Julai 2019 WHO ikaipendekeza dolutegravir kwa watu wote, wanawake wa umri wa kuzaa wakiwemo.

Mtu atasema basi yamekwisha, efavirenz imeondoka kwenye rafu nyingi. Hayajakwisha. Rifampicin, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hulichochea ini kwa nguvu kuliko efavirenz, na tiba yake ni miezi sita. Mwanamke mwenye vijiti anayeanza dawa za TB yuko palepale walipokuwa wale wa Kampala. Hata sindano si salama kabisa hapo: wanawake wenye VVU na TB waliotumia Depo pamoja na rifampicin na efavirenz walipopimwa, zaidi ya mmoja kati ya kumi walikuwa na homoni chini ya kiwango ilipofika wiki ya 12, kabla ya kuchomwa tena. Ndiyo maana watafiti hao walishauri sindano ichomwe mapema zaidi.

Halafu kuna kifafa. Carbamazepine, phenytoin na phenobarbital zote huliongezea ini kasi. Mahenge, wilayani Ulanga, ni eneo linalojulikana duniani kwa wingi wa kifafa, na phenobarbital ndiyo dawa ya bei nafuu ambayo wagonjwa wetu wengi wamekuwa wakiitegemea. Msichana wa huko mwenye kifafa anahitaji uzazi wa mpango wa uhakika kuliko wengi, kwa sababu kushika mimba akiwa kwenye baadhi ya dawa za kifafa, valproate hasa, kunahatarisha mtoto. Akienda kuwekewa vijiti, nani anamwambia kwamba kidonge cha kifafa kinavipunguzia nguvu? Hilo si swali la kisayansi tena. Sayansi yake ipo. Ni suala la mstari mmoja kwenye kadi.

Ninachokitaka, basi, kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kupelekwa Dodoma na Nairobi. Kadi ya uzazi wa mpango iwe na nafasi ya kuandika dawa anazotumia mwanamke, na muuguzi aiulize faraghani, mlango umefungwa. Kadi ya TB na ya kifafa zimuulize njia ya uzazi wa mpango. Mwanamke anayerudi na mimba ilhali vijiti vimo mkononi aandikwe kama taarifa ya dawa iliyoshindwa na ipelekwe kwa mamlaka ya dawa, badala ya kurudishwa nyumbani na maswali ya alikosea wapi. Ripoti ya Eswatini ilitokana na wahudumu kupitia kumbukumbu za wateja. Na bodi zetu za maadili, zinapoletewa jaribio la dawa mpya ya ugonjwa sugu, ziulize mapema kama kuna mpango wa kupima dawa hiyo pamoja na vijiti, sindano na vidonge. Kama mpango haupo, mtafiti aeleze kwa nini.

Haya hayaombi muujiza. Utafiti wa PURPOSE 1, uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, ulijaribu sindano ya lenacapavir ya kujikinga na VVU, inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 waliingizwa, na aliyeshika mimba katikati ya jaribio hakufukuzwa. Alielezwa upya, na aliyetaka kuendelea aliendelea. Mwaka 2024 matokeo yakatoka: kati ya 2,134 waliochomwa lenacapavir hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Wajawazito walikuwemo humohumo ndani ya hesabu, wakapimwa wakiwa walivyo.

Na lenacapavir nayo hupunguzwa na rifampicin, kiasi kwamba anayeanza dawa za TB huhitaji dozi za nyongeza. Safari hii tunalijua kabla sindano haijazagaa kwenye zahanati zetu, kwa hiyo muda wa kuuandika mstari ule kwenye kadi ni huu.